Treni ya Usiku wa Kuamkia Ishirini na Tatu

"Jana! Nakwambia treni yako imeondoka jana, husikii?"

"Jana vipi na leo ndiyo ishirini na tatu? Soma hapa! Ishirini na tatu! Au hujui kusoma?"

"Mimi sijui kusoma? Miaka ishirini na sita nakagua tiketi, uje wewe na furushi lako unifundishe kusoma?"

Hapo watu wameshatuzunguka. Mkaguzi mwenyewe Mtamil, mfupi, koti jeusi limembana tumboni, Kihindi chake cha kuokoteza, ila matusi yote anayajua. Mimi nimemsogezea simu usoni kama namlisha. Tiketi inasema saa sita na dakika ishirini usiku, tarehe ishirini na tatu. Saa ya stesheni ya Tiruppur inasema saa sita kasorobo, tarehe ishirini na tatu. Nimewahi, nimeoga, nimevaa shati jipya. Kosa langu liko wapi?

Mkaguzi akashusha pumzi. Akaanza kuongea polepole, kama unavyoongea na mgonjwa.

"Sikiliza, kijana. Usiku wa jana ishirini na mbili ilipoisha, dakika ishirini baadaye treni ikaja. Hiyo ndiyo saa sita na dakika ishirini ya tarehe ishirini na tatu. Usiku wa kuamkia ishirini na tatu. Sasa hivi mshale ukipita pale juu tunaingia ishirini na nne. Wewe ulikuwa umelala, kiti chako kimekwenda Barauni bila matako."

Watu wakacheka mbavu hawana. Muuza chai naye akatia neno: "Kila wiki wanakuja wawili watatu hivi hivi. Mmoja mwaka jana alikuja na mbuzi."

"Nyingine lini?"

"Wiki ijayo, siku kama ya jana."

Nikakaa chini, palepale. Wiki ijayo! Harusi ya dada yangu usiku wa ishirini na sita, treni ya wiki ijayo itanifikisha kwenye nini, kuosha masufuria?

Ngoja nieleze vizuri, maana huyu si dada wa kusema basi, ni dada tu. Didi Sunaina ananizidi miaka mitatu. Mai, mama yetu, alikuwa shambani kwa watu kutwa, kwa hiyo aliyenibeba mgongoni ni Didi, aliyenipeleka shule ni Didi, na nilipopigwa na watoto wa ng'ambo ya mto aliyekwenda kuwarushia matope ni Didi. Na kwetu bibi harusi akizunguka moto, kaka yake ndiye anayesimama nyuma yake na ungo, anammiminia bisi za mpunga mikononi. Kaka. Si baba, si mjomba. Binti asiye na kaka anaazimiwa wa jirani, na kijiji kizima kinamwonea huruma. Didi kaka anaye. Mmoja. Mimi hapa, nimekaa kwenye sakafu ya stesheni, kusini mwisho wa India, kwetu Bihar kaskazini, treni imeniacha tangu jana.

Nikampigia baba. Baba yangu, Jogindar Mandal, kama hujawahi kumsikia basi umebahatika. Huyu mtu kikombe kikivunjika anafoka mpaka ng'ombe wa jirani wanasimama. Nikaisogeza simu mbali na sikio kabisa, nikamwambia.

"Babuji, treni imeniacha. Ilikuwa jana."

Nikasubiri kufokewa.

"Babuji?"

"Nimesikia. Sasa ndiyo imeshatokea. Usihangaike sana."

"Nisihangaike? Babuji, si wewe uliniambia niende stesheni usiku wa ishirini na tatu? Ulisema nimalize zamu kwanza ndio niende!"

"Ah, mambo ya reli hayo, nani anayajua. Rudi kazini. Utakuja wakati wa sikukuu, utamwona dada yako kwa nafasi. Kundan yupo hapa, atasimama yeye."

Kundan ni mtoto wa baba mdogo. Yuko chuo Darbhanga, mwaka wa pili. Sina ugomvi naye, lakini Kundan hajawahi kumbeba mtu wala kubebwa na Didi.

"Nakuja," nikasema. "Nitaunganisha."

"Usije kuumia njiani bure," baba akasema, akakata.

Kweli kabisa, siku ile nilifikiri amenihurumia. Nikasema kumbe mzee ana moyo.

Basi nikaanza kuunganisha. Saa saba usiku ikapita treni ya Chennai, nikapanda behewa la wasio na viti, nikasimama mguu mmoja mpaka asubuhi, mguu wa pili sikuuona tena mpaka tuliposhuka. Chennai nikaambiwa treni ya Howrah inaondoka saa tano. Saa nne jukwaa lilikuwa limeshakuwa watu watupu. Wabengali, Waoria, sisi wa Bihar, vyandarua, ndoo, mtu kabeba feni ya darini kifuani kama mtoto mchanga.

Mwenye feni ndiye aliyeniokoa. Mzee wa ndevu za hina, fundi mwashi wa Katihar, anaitwa Israfil. Aliniona nakimbilia mlangoni akanishika kola.

"Huko unakwenda kufa. Umewahi kuingia dirishani?"

"Hapana, Chacha," nikasema, kama tunavyowaita wazee wa rika la baba.

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La kumi na mbili."

"Kumbe hakuna walichokufundisha. Tangulia, kichwa kwanza. Ukifika ndani, kaa juu ya watu, usikae kando yao, halafu nipokee feni. Ukiiangusha feni nakurudisha nje kwa dirisha hilohilo."

Nikaingia kichwa kwanza, nikaangukia mapajani kwa mama mmoja aliyenipiga makofi mawili, la kwanza la kuanguka, la pili la kuchelewa kuondoka. Nikapokea feni. Nikampokea na Chacha. Tukapata nafasi ya kukaa juu, kwenye mbao za mizigo, tumejikunja kama herufi.

Ukikaa hivyo siku nzima na mtu, mnaambiana yote. Nikamweleza habari ya treni ya jana. Alicheka mpaka feni ikatikisika.

"Kijana aliyesoma! Anajua mfalme gani alipigana na nani, hajui leo ni lini!"

"Lakini baba ndiye aliyeniambia, Chacha."

"Na baba yako alisoma?"

"Hapana. Tiketi alikata kwa Lalan, mwenye duka la simu pale sokoni kwetu."

"Basi ni Lalan. Watu wa simu wote wezi." Akatoa kifurushi cha pepeta na kipande cha sukari guru, akanigawia. Nilipopokea akaitazama mikono yangu. "Hii nini? Umemchinja mungu yupi wa bluu?"

Mikono yangu bluu, mpaka karibu na kiwiko. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kutia rangi vitambaa. Glavu wanatoa, ila zikitoboka unasubiri mpaka mwezi uishe, na zinatoboka siku ya tatu. Mwezi ule ulikuwa wa bluu. Kabla yake nilikuwa kijani. Nilimwambia Chacha kwamba alama zangu zilinitosha kwenda chuo, ile Darbhanga ya Kundan. Ila mwaka ule baba aliniita uani akasema, "Dada yako anakwenda miaka ishirini na mbili, nani atamwoza, wewe na vitabu vyako?" Nikaenda Tiruppur. Miezi kumi na minne. Kwetu wanaolipa ni upande wa binti: pikipiki ya bwana harusi, kitanda, kabati lenye kioo, vyote vimepita kwenye hii mikono ya bluu. Sikulalamika. Nilisema ni kwa Didi.

"Vizuri," Chacha akasema. "Utasimama mbele ya watu na mikono hiyo, waone nani kamwoza dada."

Didi alipiga tukiwa tumeshapita Vizag, asubuhi ya ishirini na tano. Nyuma yake wanawake wanaimba nyimbo za matusi, zile za kumtukana mama mkwe, siku hiyo alikuwa anapakwa manjano.

"Bauwa," ndivyo wanavyoniita nyumbani tangu utoto, "uko wapi?"

"Nakuja, Didi. Nipo juu ya mizigo."

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nafunga, mjinga wewe, nani anakula siku hizi? Nimenuka manjano mpaka puani. Sikiliza. Babuji anasema hutawahi. Anamwambia kila mtu hutawahi. Utawahi?"

"Kesho saa nane mchana nipo nyumbani. Nishapiga hesabu ya treni zote."

"Nimewaambia mbele ya shangazi wote, mikono yangu siifungui kwa mtu mwingine. Usiniaibishe."

"Didi, hata nikija kwa miguu."

"Usije kwa miguu. Utanuka." Akacheka, halafu akalia kidogo, halafu mtu akamwita.

Chacha Israfil alikuwa ameangalia pembeni muda wote, anajifanya anafunga kamba za feni. "Howrah tukifika," akasema, "usiagane na mimi. Kimbia tu."

Tukafika Howrah tumechelewa saa tatu. Sikuagana naye. Nilikimbia. Nikiwa juu ya ngazi nikasikia mtu anapiga kelele nyuma, "Kushoto, punda, kushoto!" na ndiyo mara ya mwisho kumsikia.

Treni ya Samastipur nikaipata usiku huohuo, nikakaa chini kabisa safari hii, mlangoni, magoti yangu chini ya kidevu. Kwa hesabu yangu, saa tatu asubuhi Samastipur, saa tano Darbhanga, saa sita na nusu Jhanjharpur, bajaji mpaka kijijini. Upande wa bwana harusi unafika saa tatu usiku. Nina muda mpaka wa kulala.

Asubuhi nikaamka, treni imesimama. Nikachungulia nje, hakuna nje. Ukungu. Wewe unayekaa kusiko na Januari ya kwetu hutanielewa. Si ukungu wa kusema naona kidogo, hapana. Unanyosha mkono, vidole huvioni. Dereva wa treni haoni taa. Wanatembeza treni hatua tano, wanasimama. Jamaa mmoja alishuka kukojoa akapotea, tukawa tunamwita kwa jina kama mbuzi mpaka akarudi.

Saa tatu asubuhi tulikuwa bado Jhajha. Saa sita mchana, Jhajha. Saa nane tukasogea, nikasimama, nikashika mlango, nikaona stesheni ndogo ambayo hata jina halisomeki, tukasimama tena. Watu wanacheza karata. Mimi ndani yangu kuna mtu anapiga mlango kwa ngumi.

Nilifikiria kushuka nitafute basi. Nikaambiwa mabasi nayo yamesimama, malori mawili yamegongana daraja la mbele. Nikashuka kwenye mawe ya reli hata hivyo. Nikatembea pembeni ya treni mpaka kwenye injini, nikampigia kelele dereva. "Kaka, dada yangu anaolewa leo!" Akafungua dirisha. Mtu mzima, kajifunga skafu kichwani kama mwenye jino bovu. Akasema, "Na mimi mkwe wangu ana mtihani, na huyu msaidizi wangu mkewe ana uchungu wa kuzaa. Unataka kuendesha? Panda." Nikarudi.

Saa kumi na moja jioni Didi akapiga. Safari hii hakuna nyimbo nyuma yake, yuko mahali amejificha.

"Uko wapi?"

"Kiul."

Kiul anaijua. Kutoka Kiul hakuna namna, hata ukungu ungeondoka saa hiyohiyo.

"Didi, wazuie kidogo. Mwambie pandit anayefungisha ndoa asogeze saa. Saa nzuri si zipo nyingi? Kulikuwa na moja ya alfajiri."

"Nimemwomba Babuji. Pandit mwenyewe alikubali, alisema ya alfajiri ni nzuri zaidi. Babuji ndiye aliyekataa. Bauwa, mbona Babuji..." Halafu nikasikia sauti ya baba, karibu sana, "Unaongea na nani?" Na simu ikazimwa. Nilipopiga tena ilikuwa haipatikani. Nilipiga mpaka chaji yangu nayo ikaisha.

Samastipur tulifika saa nane usiku. Harusi inaendelea, nikajua. Wakati ule nanunua chai, pandit anaongeza samli kwenye moto. Treni ya kwanza ya Darbhanga saa kumi na moja. Nikapanda. Darbhanga nikabadilisha, nikapanda ile ndogo ya Jhanjharpur, inayosimama kila penye mtu. Sikuwa na haraka tena. Ila nilitaka nimwone Didi tu kabla hajapanda gari la kwenda kwa mumewe. Wanaagana asubuhi, na kuagana kwetu si kwa dakika mbili, wanawake wanalia kwa zamu. Nikajiambia, nitawahi kilio.

Nikafika Jhanjharpur saa tatu na nusu, nikapata bajaji mpaka sokoni kwetu, na pale sokoni nikashuka niende kwa mguu kwa sababu barabara ya ndani ina shimo. Lalan alikuwa anafungua duka lake. Akaniona, akaacha kufungua.

Nikamkunja shati.

"Wewe! Tiketi gani ile ulikata?"

"Tiketi nzuri! Kiti cha dirishani! Niachie, unanichania!"

"Hukumwambia baba kwamba ni usiku wa ishirini na mbili?"

Lalan akanitazama kama mtu aliyesikia mbwa anaongea. "Sikumwambia? Amresh, mimi tiketi hizi za saa sita usiku zinanitoa jasho, kila siku watu wanakuja kunipiga kwa ajili hiyo, kama wewe sasa hivi. Nilimwambia mara tatu. Nikamwandikia kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi, 'Aende stesheni ishirini na mbili baada ya chakula cha usiku.' Akarudia mwenyewe kwa mdomo wake. Akauliza kabisa, 'Na akienda ishirini na tatu?' Nikamwambia akienda ishirini na tatu harusi ataiona kwenye picha. Akaikunja ile karatasi akatia mfukoni."

Nikamwachia shati.

"Wameshaondoka?" nikauliza.

"Magari yamepita hapa alfajiri na mapema. Baba yako aliwaharakisha kwa sababu ya ukungu."

Kutoka sokoni mpaka nyumbani ni dakika kumi. Sijui nilipita wapi. Uani kwetu nguzo za harusi bado zimesimama, moto umezimwa kwa maji, bisi zimetapakaa kwenye matope na kuku wanazila. Kundan amelala kwenye kitanda cha kamba na saa mpya mkononi, ile ambayo upande wa bwana harusi humpa kaka wa bibi harusi. Mai yuko jikoni. Baba anahesabu sahani za kuazima. Aliponiona hakushtuka hata kidogo.

"Umefika," akasema. "Kanawe miguu."

"Karatasi ya Lalan iko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Ya kalamu nyekundu, Babuji. Iliyosema ishirini na mbili."

Mai akatoka jikoni, unga mikononi. Baba akaweka sahani chini.

"Nilisahau. Mtu mzima, mambo mengi, harusi hii ulikuwa unaibeba wewe?"

"Ndiyo! Nilikuwa naibeba mimi! Pikipiki ile nani kanunua? Kabati nani kanunua? Na hukusahau. Ulimuuliza Lalan, 'Na akienda ishirini na tatu?' Mtu anayesahau anauliza hivyo?"

"Punguza sauti, majirani wamelala."

"Leo ndiyo unajua majirani wanalala?"

Kundan akaamka, akakaa, akaificha ile saa chini ya blanketi. "Kaka Amresh, mimi niliambiwa tu nisimame pale..."

"Wewe nyamaza, sina neno na wewe." Nikamgeukia Mai. "Mai, ulijua?"

Mai akaanza kupangusa unga kwenye vidole, kidole kimoja kimoja. "Nilijua juzi. Alikuwa ameshafanya."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo baba alipofoka, yule baba ninayemjua, mpaka kuku wakaacha bisi.

"Kwa nini? Jiangalie! Jiangalie mikono! Watu wale ni watu wenye nyumba ya ghorofa, mkwe ni karani wa mahakama. Waliuliza, 'Kijana wako anafanya nini?' Niseme nini? Niseme anachovya vitambaa kwenye pipa? Nilisema anasoma Darbhanga. Nilisema digrii. Ndiyo wakakubali! Bila hiyo wasingekanyaga hapa! Halafu uje na mikono kama ya shetani, usimame mbele ya baba mkwe, uanze kumwambia habari za Tiruppur na domo lako hilo?"

"Kwa hiyo Kundan ni mwanao."

"Kwa usiku mmoja! Kwa usiku mmoja tu!"

"Na Didi?"

Baba akainama kuokota sahani. Ni Mai aliyejibu.

"Alikunja ngumi," akasema. "Kundan aliposimama na ungo, alikunja ngumi zote mbili, hakutaka kupokea. Bwana harusi anasubiri, pandit anasubiri. Shangazi zako wawili wakamfungua vidole kimoja kimoja. Watu wakadhani ni haya."

Nikasema sasa basi. Nikamwambia baba, "Siku ya nne ya harusi ni keshokutwa. Kaka ndiye anayekwenda na mtindi na vitamu kumwangalia dada. Nakwenda mimi. Kundan akae nyumbani."

"Atakwenda Kundan."

"Nakwenda mimi, nakwambia!"

"Nenda!" akasema. "Nenda, nani kakuzuia? Ukifika mlangoni wakikuuliza wewe ni nani, utasema nini? Kaka yake? Na yule aliyemimina bisi nani? Siku nne za ndoa, mama mkwe ajue wamedanganywa. Atasimangwa nani? Mimi? Mimi niko hapa, nakula wali wangu. Atasimangwa yeye. Jikoni kwao, kila asubuhi, mpaka azeeke. Nenda, kamharibie."

Nilimchukia baba miaka yote kwa kufoka ovyo, lakini siku ile nilimchukia kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Amekifanya mwenyewe kiwe kweli, na sasa ni kweli, na hakuna mtu anayeweza kukigeuza, si mimi, si yeye.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Akishazaa, atakuwa na nguvu kwao. Wakati huo tutaona."

"Akishazaa."

"Mwaka, miaka miwili. Watu wanakaa Arabuni miaka mitano bila kuonana na ndugu zao. Wewe umekuwa nani?"

Mai alikuwa ameleta sahani ya majani, chapati za kukaanga za jana na mboga ya viazi, zimepoa, samli imeganda pembeni. Akaiweka mbele yangu kwenye kigoda. "Kula, Bauwa. Kula kwanza, umetembea siku nne."

"Simu ya Didi umemrudishia?" nikamuuliza baba.

"Atanunuliwa nyingine na mumewe."

Nikaokota begi langu, sikuwa hata nimelifungua. Ndani kulikuwa na sari niliyoitia rangi mwenyewe, kwa ruhusa ya msimamizi, rangi ya waridi iliyoiva. Nikaitoa nikampa Mai. Nikamwambia asiipeleke kwa Didi, aivae yeye, au amgawie mtu yeyote.

"Unakwenda wapi na hujanawa hata uso?" Mai akasema.

"Jhanjharpur."

"Kufanya nini?"

"Kupanda treni."

"Ipi?"

"Yoyote, Mai."

"Mwache," baba akasema. "Akipata njaa atarudi. Na mwezi ujao usisahau, seremala wa kitanda hajamaliziwa pes..."

Sikusubiri amalize. Nilitoka. Mlango wa kwetu ni mzito, Januari mbao zinavimba kwa unyevu na haufungi kwa kuusukuma, watu wengi wanauacha tu wazi. Niliweka begi chini, nikaushika kwa mikono miwili, nikauvuta mpaka ukafunga.